Nane na moja, mbili na saba

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa sita, saa moja kasoro asubuhi, na baridi ya Mafinga mnaijua wenyewe, ukiongea unatoa moshi kama umevuta sigara. Nafungua kabati la ofisi ya taaluma nichukue karatasi tukadurufu mtihani wa Bailojia wa kidato cha pili, nakuta rimu moja tu, na yenyewe imeshachanwa imebaki nusu. Wanafunzi 180. Mtihani una kurasa 6. Unaanza saa mbili na nusu.

Nikaenda kwa mkuu wa shule, shikamoo madam, marahaba, madam karatasi zimeisha. Akanyamaza kwanza. Halafu akauliza, "Zimeishaje mwalimu, si tulinunua katoni nne juzi tu hapa?" Katoni moja ina rimu 5, kwa hiyo rimu 20, na zilinunuliwa kwa ajili ya huo huo mtihani wa kujipima wa kidato cha pili, sio kitu kingine, kwa hiyo alikuwa na haki ya kushangaa na mimi nilikuwa na haki ya kutokwa jasho kwenye ile baridi maana ufunguo wa kabati ninao mimi. Mwisho akasema basi nendeni mkaandike ubaoni, sisi tulisoma hivo hivo na tukafaulu.

Tukaandika ubaoni. Mikondo minne, walimu wanne, kila mtu na chaki yake. Maswali ya kuchagua ndo yalitumaliza, swali moja lina majibu matano, ukifika la nane mkono umekufa na ubao umejaa inabidi ufute ya kwanza na kuna mtoto nyuma anapiga kelele bado mwalimu bado. Kulikuwa na swali la mchoro wa moyo, mishale A mpaka F, mwalimu wa mkondo B (simtaji ila akisoma hapa atajijua) akachora kitu kinafanana na embe dodo limekatwa katikati, watoto wakacheka, halafu wakaacha kucheka walipogundua wanatakiwa kutaja sehemu D ni nini. Lile swali tukalifuta mikondo yote.

Ila mtihani ulifanyika. Na kwenda mapumziko ya chai nilikuwa najisikia vizuri ujue, karatasi 1,080 hazijatumika na dunia haijaisha, nikawa nawaambia wenzangu ofisini kumbe inawezekana, tuwe tunafanya hivi. Ndo nikaanza kusahihisha. Kila mtoto amejibu kwenye karatasi alizochana katikati ya daftari lake, maana mtihani wa kidato cha pili kwa kawaida anajibu humo humo kwenye nafasi alizoachiwa, sasa nafasi hakuna, anajibia wapi? Wengine karatasi mbili, wengine tatu. Kuna kijana mmoja alichana karatasi za nyuma za daftari la Hisabati zina hesabu upande mmoja. Karatasi hatukuokoa, tulihamisha gharama tu kutoka stoo ya shule kwenda kwenye begi la mtoto, na yule mtoto hana mtu wa kwenda kumwambia madam daftari limeisha.

Hiyo nikaiweka kichwani. Usiku nikakaa na kalamu.

Masomo 9, kurasa 6 kila somo, wanafunzi 180. Inakuja karatasi 9,720, yani rimu 19 na nusu hivi, kwa mtihani mmoja wa kidato kimoja, kwa sababu tulikuwa tunachapa upande mmoja. Rimu moja ya karatasi za gramu 80 ina kilo mbili na nusu, hii wala huhitaji mzani: karatasi kubwa kabisa ya A0 ina mita moja ya mraba, ukiikata unapata A4 16, gramu 80 gawanya kwa 16 ni gramu 5 kila karatasi, zidisha kwa 500. Rimu 20 ni kilo 50. Mfuko wa saruji. Tulikuwa tunabeba mfuko mzima wa saruji tunawagawia watoto wa kidato cha pili, wiki mbili baadae unarudi umejaa wino mwekundu.

Na hapa Mafinga ukiongea karatasi lazima uangalie dirishani. Malori ya magogo yanapita kutwa, msitu wa Sao Hill uko hapo, paini mpaka macho yanachoka, na kiwanda cha karatasi kiko Mgololo wilaya hii hii ya Mufindi. Ila cha Mgololo kinatoa zile karatasi ngumu za kaki za mifuko. Rimu niliyoshika mimi mkononi imeandikwa Indonesia. Mti unapita nje ya geti la shule unakwenda zake na karatasi inakuja kwa meli. Watu hupenda kusema mti mmoja ni rimu kadhaa, mi huwa sitaji, inategemea mti gani, mnene kiasi gani, kiwanda gani. Bei ya rimu ndo naijua vizuri, kwetu siku ile ilikuwa 12,000.

Sasa turudi kwenye hesabu maana kuna jambo halikukaa sawa. Siku ile ya Bailojia tulikuwa tumeshafanya masomo 6. Masomo 6 mara 1,080 ni karatasi 6,480, rimu 13. Kwenye 20 zilitakiwa zibaki 7. Mimi nimekuta nusu. Rimu 6 na nusu zimekwenda wapi?

Mawazo ya kwanza mnayajua. Tukaanza kuangaliana. Mwalimu wa stoo akakasirika akaleta leja yake akaitupa mezani, someni wenyewe. Tukasoma, na kwa kweli hakuna aliyeiba. Zilichukuliwa na ofisi, kwa saini, kila moja ina sababu yake. Kikao cha bodi, kabrasha la kurasa 22, wajumbe 14, upande mmoja, karatasi 308. Uhakiki wa vyeti, hii ndo ilinifanya nikae chini: walimu 34, kila mmoja vivuli 9, yani cheti cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo, cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, ya kupanda daraja, na sijui nini kingine, nakala tatu. 918. Karibu rimu mbili, za vyeti ambavyo vilishahakikiwa huko nyuma na vivuli vyake vipo kwenye faili mita tatu kutoka kwenye mashine ya fotokopi. Zinazobaki zilienda kidogo kidogo, taarifa nakala nne, barua imechapwa ikaonekana tarehe imekosewa ikachapwa tena, jina la mgeni rasmi limekosewa tena, na boksi pembeni ya printa limejaa karatasi zenye mistari miwili juu halafu nyeupe mpaka chini.

Toka siku hiyo mtu akija na habari za kupunguza karatasi shuleni mimi namuuliza unaanzia wapi. Maana nimeona karibu kila mara tunaanzia kwa mtoto. Testi iandikwe ubaoni, noti asipewe, ripoti asipewe. Ofisi haiguswi kwa sababu karatasi za ofisi zina mhuri na zinatisha.

Lakini sikutaka kuanza na ofisi kwa sababu mi ni mwalimu wa taaluma tu, sio mkuu, nikaanza na kile kilicho mikononi mwangu, mitihani. Hatua ya kwanza ilikuwa bek tu bek, yani kuchapa pande zote mbili za karatasi. Mnacheka, shule gani mpaka leo haichapi bek tu bek? Njoo na mashine yetu uone. Ukirudisha karatasi ambayo imeshapita mara moja bado ina joto imejikunja, inaimeza. Kwamba unavua kipande kimoja kimoja kama unatoa mwiba. Mpaka fundi alipokuja akatuambia kitu rahisi tu, ukimaliza upande wa kwanza usirudishe hapo hapo, ziache zipoe, zigongegonge mezani zikae sawa, pepea kona zisigandane, ndo urudishe. Toka hapo inameza moja moja tu. Miaka yote tulikuwa tunanunua rimu mara mbili kwa sababu ya haraka.

Hatua ya pili ndo ninayoringia, kijitabu.

Karatasi ya A4 ukiikunja katikati unapata A5 na umbo linabaki lile lile, halirefuki wala halinenepi, ndio maana mashine ya fotokopi ina kitufe cha asilimia 71 kinachukua ukurasa mzima kinaushusha kwenye nusu bila kukata chochote. Huo mpango wa vipimo waliuweka Wajerumani mwaka 1922 (ambao huku Uhehe tunawakumbuka kwa mambo mengine kabisa, lakini hapa nawapa maksi zao). Tatizo ni macho. Maandishi ya saizi 12 ukiyashusha asilimia 71 yanakuwa kama 8 na nusu, na mtoto aliyekaa mbali na dirisha siku ya mawingu hasomi kitu. Kwa hiyo tunaandika mtihani kwa saizi 14 kwanza, ukishushwa inakuja 10, inasomeka vizuri tu. Mtihani wa kurasa 6 ukiandikwa kwa 14 unakuwa kama kurasa 8. Kurasa 8 za kijitabu ni karatasi mbili za A4 zilizokunjwa, pini moja katikati, basi. Mbili mara 180 mara 9 ni 3,240. Rimu 6 na nusu badala ya 19 na nusu.

Mnaona ile namba, rimu 6 na nusu? Ndo zile zile ofisi ilizokula. Yani mtihani mzima wa kidato cha pili unaenea kwenye karatasi ambazo tulikuwa tunazipoteza bila kujua.

Mara ya kwanza tuliharibu, na nitasimulia ili usiharibu na wewe. Kijitabu hakichapwi kwa kufuatana 1, 2, 3, 4. Ukikikunja kurasa zinabadilishana jirani. Sekretari wetu akachapa kama kawaida, 1 na 2 upande huu, 3 na 4 nyuma yake, tukakunja usiku usiku na taa ya sola, asubuhi tukagawa mtihani wa Kemia. Dakika tano hazijafika mkono wa kwanza juu, mwalimu swali la tatu liko wapi? Mwingine mwalimu hapa naona swali la kumi halafu la tano. Mtoto mmoja alikuwa ameshajibu swali la 9 kipengele (b) kwenye nafasi ya swali la 4 na majibu yamekaa vizuri kabisa. Kemia ile tulisahihisha kwa huruma.

Kanuni ni hii, na nimeibandika ukutani juu ya mashine: kurasa mbili zinazokaa upande mmoja ukizijumlisha lazima zilete 9 kama kijitabu kina kurasa 8. Karatasi ya kwanza mbele 8 na 1, nyuma yake 2 na 7. Ya pili mbele 6 na 3, nyuma 4 na 5. Kama kina kurasa 12 jumla inakuwa 13. Na idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4, ikibaki moja iwe ya jedwali au uache nafasi ya kufanyia hesabu. Siku hizi sekretari akichapa nasikia anaimba peke yake, nane na moja, mbili na saba, sita na tatu.

Kuna programu za kompyuta zinapanga zenyewe, najua, kwenye sehemu ya kuchapa unachagua kijitabu. Printa yetu na hiyo programu hawaelewani.

Mimi nafundisha Jiografia, na Jiografia ndo somo lenye njaa ya karatasi kuliko yote, ramani na picha. Ramani ya mistari ya kontua huwezi kuichora ubaoni usiniambie, nimejaribu, utachora kitunguu. Zamani kila kipindi cha kusoma ramani natoa nakala 45 kwa mkondo mmoja, mwaka unaofuata tena, ramani ile ile. Sasa nikachapa nzuri 30 nikazilamineti pale stesheneri ya stendi, watoto wawili ramani moja, mikondo yote inapokezana, huu mwaka wa tatu zinatumika. Wanapima umbali kwa uzi, wanaandika juu yake kwa kalamu ya ubao mweupe, anafuta kwa kitambaa au kwa shati la jirani yake. Utasema laminesheni ni plastiki. Ndio ni plastiki. Sijasema mimi ni malaika.

Testi za kila wiki nazo tumezitoa kwenye karatasi kabisa, lakini sio kwa mtindo wa kuchana daftari. Kila mtoto ana daftari moja la testi kwa masomo yote ya sayansi na jingine la masomo ya sanaa, linakaa ofisini, maswali ubaoni yasizidi matano na mafupi. Faida ambayo sikuitegemea ni kwamba mzazi akija unafungua daftari moja anaona mtoto wake toka Januari, kupanda na kushuka, wakati zamani testi zilikuwa karatasi moja moja na mtoto aliyefeli ile yake haifiki nyumbani, inapotelea njiani sijui inaliwa na mbuzi.

Kuna mtu atauliza kwa nini tusitumie simu. Tukutane hapo. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi simu shuleni, na nyumbani wengi simu ni ya baba na ni kitochi. Nilijaribu kutuma noti za ramani kwenye grupu la wazazi la WhatsApp, kati ya wazazi wa mkondo wangu nusu hawamo kwenye grupu, waliomo wakapakua wakazipeleka stesheneri kuchapa kwa shilingi 100 kila ukurasa. Kwa hiyo badala ya mimi kuchapa kwa bei ya jumla, mzazi anachapa kwa bei ya rejareja. Tena ile ile, begi la mtoto.

Upande wetu walimu ni tofauti. Vile vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya Agosti 2022 halafu vikagawiwa kwa walimu, jamani nasema ukweli, kwangu kimefanya kazi. Vitabu vya kiada nafungua kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, azimio la kazi na andalio la somo naandika humo, nikirekebisha sichapi upya. Kuna wenzangu vishikwambi vyao vinaangalia mpira tu, lakini hilo sio kosa la kishikwambi. Likizo siku hizi naomba kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, nimekaa kitandani. Na waliojaza zile fomu za OPRAS, za kupima utendaji kazi wa mtumishi, wanajua tumetoka wapi, unajaza kwa mkono, unasaini, mkuu anasaini, nakala hii huku nakala hii kule, mwisho wa mwaka unajaza tena kwa sababu ya mwanzo haionekani. Sasa iko PEPMIS, kazi ile ile ila kwenye kompyuta, ina shida zake za mtandao na watu wanailalamikia, ila sijawahi kununua karatasi kwa ajili yake.

Halafu kuna mifumo ya nusu nusu. Hii ni aina yake. Unajaza taarifa kwenye mfumo, vizuri, unabonyeza tuma, inaandika imepokelewa. Kesho simu: mwalimu ile taarifa uliyojaza iprinti, isaini, piga mhuri, iskani uitume tena, na nakala ngumu ulete mwenyewe. Kwa hiyo karatasi zilizokuwa moja zimekuwa mbili na nauli juu. Sitaji ni wapi, mnapajua kila mtu kwa upande wake. Siku moja mgeni alikuja kukagua nikamfungulia andalio la somo kwenye kishikwambi, akaliangalia vizuri tu, akasema safi sana mwalimu, sasa lete ile yenyewe.

Nilienda kulalamika kwa mama yetu wa masijala. Huyu mama amekaa na mafaili miaka mingi kuliko wakuu wa shule wote waliopita, anajua folio namba ngapi iko kwenye jalada gani akiwa amefumba macho. Nikamwambia mama, hizi nakala tatu tatu za nini, vyeti vyangu unavyo humo toka nimeajiriwa. Akacheka. Akaniambia, "Mwanangu, karatasi haiombi bando." Halafu akanivutia kiti akanisimulia habari ya mwalimu mmoja wa zamani hapo shuleni, barua yake ya kupanda daraja ilipotea huko ilikopelekwa, akaambiwa hajawahi kupandishwa, miaka miwili analipwa mshahara wa chini, na kilichomwokoa ni kivuli kimoja ambacho huyu mama alikiweka kwenye jalada bila kuambiwa na mtu. Toka siku hiyo kila kitu anatoa tatu, moja ya kwenda, moja ya faili, moja ya siku mbaya.

Sikuwa na la kumjibu. Maana nakala ya siku mbaya haitokani na uzembe, inatokana na watu kuumizwa. Ofisi haiachi karatasi mpaka iamini kwamba kilichomo kwenye mfumo hakiwezi kukanwa kesho, na kuamini hakununuliwi kwa katoni.

Tulichokubaliana naye ni kidogo tu ila kimefanya kazi. Vyeti vya walimu wote tumeviskani mara moja, viko kwenye kompyuta yake na kwenye flashi mbili, moja anakaa nayo yeye na nyingine iko kwa mkuu kwenye sefu. Uhakiki ukija tunatuma, wakikataa ndo tunachapa, na tunachapa nakala wanayotaka wao tu, sio tatu. Makabrasha ya bodi bek tu bek, na wajumbe watano waliosema wenyewe kwamba wana simu kubwa wanatumiwa PDF. Mjumbe mmoja mzee alikataa akasema akisoma kwenye simu hawezi kupiga mstari chini ya uongo. Tukamwachia kabrasha lake. Na lile boksi la karatasi zenye mistari miwili, nimelihamishia ofisi ya walimu, zinakatwa nusu, ndo za rafu, ndo za orodha ya zamu, hata hili ninaloandika nililianza huko nyuma ya barua ya mwaliko wa mahafali iliyokosewa tarehe.

Mahali nilipokosea mimi mwenyewe ni ripoti za muhula. Nilikuwa nimepamba moto, nikapendekeza kwenye kikao tusichape ripoti, matokeo yaende kwa SMS, mzazi anapata jina, maksi, nafasi, maoni mafupi. Kikao kikapitisha, kwa makofi kabisa. Wiki ya kufunga shule ikaja, SMS zikaenda. Siku ya pili anakuja bibi mmoja kutoka vijiji vya huko ndani, kapanda bodaboda asubuhi ile na mgolole wake, namsalimia kamwene bibi, anaitikia, namkaribisha kiti. Kafuata karatasi ya mjukuu. Nikamweleza bibi, matokeo yameshatumwa kwenye simu, tukafungua simu yake tukayakuta yapo, hajafungua kwa sababu hajui kusoma, na angemwomba jirani amsomee halafu jirani akajua maksi za mjukuu wake. Akasema, "Baba, mimi hizo karatasi naweka kwenye sanduku. Mama yake hayupo. Akimaliza shule nitampa zote kwa pamoja." Anazo toka darasa la kwanza.

Nilimchapia pale pale. Muhula uliofuata tulirudisha ripoti za karatasi, nusu ukurasa, A5, mbili kwenye A4 moja unakata katikati, kwa wanafunzi 180 ni karatasi 90. Zamani ilikuwa kurasa mbili kwa kila mtoto na ukurasa wa pili wote ulikuwa sheria za shule ambazo alishazisaini siku anaingia. Kwa hiyo karatasi ya bibi haikuwa tatizo hata kidogo. Tatizo lilikuwa sheria za shule.

Nikikumbuka mimi naingia kidato cha kwanza 2003, fomu ya kujiunga ilikuwa na kurasa nane na kwenye ukurasa wa sita imeandikwa mwanafunzi aje na rimu mbili za karatasi nyeupe, jembe na mpini wake, na fagio la chelewa. Nilizibeba rimu mbili kichwani, kilo tano, sijui zilienda wapi, sikumbuki kupewa hata karatasi moja ya mtihani iliyochapwa miaka yote minne. Sasa najua.

Mtihani wa mwezi huu tumetumia rimu 7 kamili pamoja na zilizoharibika. Mwalimu wa Fizikia bado amegoma, anasema michoro yake ya saketi ikishushwa asilimia 71 betri inakuwa kama kiroboto, na ana hoja, yake tunachapa A4 bek tu bek. Madam hajaniuliza tena habari za katoni.

Aliyeniuliza ni mama wa maandazi pale getini. Toka mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, Juni 2019, yeye karatasi zake anazitoa kwetu, mitihani ambayo watoto hawakuifuata, tunakata sehemu ya jina tunampa, anafungia maandazi. Juzi nimepita asubuhi akaniita, mwalimu hebu njoo. Akanionyesha kijitabu cha Uraia amekifungua akakipanua mkononi. "Sasa hii ndo nini mwalimu? Maandazi manne hayaenei hapa." Nikamwambia mama chomoa pini hapo katikati, inafunguka inakuwa kubwa. Akachomoa. Akaiangalia, akaigeuza, akaniambia mbona hii namba nane iko pembeni ya moja, nyie mnafundisha nini humo ndani?